Mji wa Upande Mmoja

6 Februari

Mdogo wangu Kinyozi,

Hujambo? Natumaini wateja wako bado wana nywele. Mimi mzima, ila macho yananiuma kwa kukata kadibodi toka asubuhi mpaka jioni. Sanduku linalokuja na barua hii lisikutishe. Ndani mna mji, na ni mimi niliyeutengeneza.

Unajua kazi yetu hapa karakanani ni michezo ya mezani. Miaka yote hii nimekuwa mtu wa kukata na kubandika michezo ya wenzangu. Sasa bosi kaniambia nilete wangu. Mwisho wa Aprili ataweka mezani michezo mitatu, achague mmoja wa kuchapwa. Nikipita, napewa kazi ya kudumu na likizo, nije nikae na Mama mpaka anichoke mwenyewe. Nisipopita, mkataba wangu unaishia hapo, na pa kuanzia upya sipajui. Kwa hiyo usiseme ni mambo ya kitoto.

Unachezwa hivi. Kila mtu anaanza na kigae kimoja chenye picha ya lango, anakiweka katikati ya nafasi yake. Zamu yako ikifika unaingiza mkono mfukoni bila kuchungulia, unatoa kigae, unakipachika kwenye mji wako upande wowote wa lango. Barabara ikutane na barabara, ukuta na ukuta. Nyumba iliyounganishwa na soko ina pointi, ikipakana na bustani ina pointi zaidi. Barabara uliyoiacha inaning'inia inakukata pointi. Na kigae kikishawekwa hakiondolewi, hata mtu akilia. Usimwachie Mama akwambie alikuwa "anajaribu tu".

Cheza naye. Nani mwingine nimpe? Mwanamke aliyemfanya fundi bomba wa mtaani aache drafti kabisa! Kila mji ukiisha uchore kwenye karatasi, unitumie. Niandikie uzuri wake na ubaya wake, na tafadhali usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Msalimie Mama sana. Mwambie Chiriku wake anamkumbuka.

Dada yako

*

21 Februari

Shikamoo Dada,

Sanduku limefika, kona moja imebonyea, mji ni salama. Tumecheza karibu kila siku baada ya kufunga saluni. Michoro uliyoniagiza imo humu ndani. Usicheke mistari yangu, mimi nimezoea kuchora kwa wembe.

Uzuri wake. Kwanza, haukuhitaji mwalimu. Tulisoma sheria mara moja tukaanza. Pili, hakuna anayetolewa katikati akakaa pembeni kama mkiwa. Mpaka kigae cha mwisho bado una mji wako. Tatu, kila mji ni mpya, na ukimaliza unaona uchungu kuuvunja. Nimewahi kuuacha mezani usiku kucha nikala chakula nimesimama.

Ubaya wake. Bahati ina nguvu mno. Ukiomba kona ukapata soko mara nne, unatamani kuutupa mfuko dirishani. Kuhesabu pointi mwishoni kunachosha kuliko mchezo wenyewe. Soko na bustani vinafanana kwenye mwanga hafifu. Na kila mtu yuko kwake: mimi najenga, yeye anajenga, tuko kama majirani wasiosalimiana. Siwezi kumsaidia wala kumzuia. Hilo la kutoweza kumsaidia ndilo linaloniudhi zaidi.

Mama hajambo. Anakusalimia, anasema ule vizuri.

Mdogo wako
Kinyozi

*

21 Februari

Shikamoo Mama Mdogo,

Nakuandikia wewe kwa sababu ulikuwa muuguzi, na kwa sababu nisipomwambia mtu nitapasuka.

Mama alianguka jikoni, wiki moja kabla Dada hajatuletea mchezo wake. Daktari anasema ni kiharusi kidogo. Anatembea, anaongea, ananigombeza kama kawaida. Ila upande wa kushoto, Mama Mdogo, umefutika. Si kwamba haoni. Daktari kampima macho, ni mazima. Anasema ni akili ndiyo iliyoacha kuangalia huko, na kwa Mama hakuna kilichopungua.

Anakula nusu ya sahani ya kulia, halafu ananiambia nimekuwa mchoyo. Nikiizungusha sahani anamaliza na kuniuliza kwa nini nilimficha chakula. Anachana nywele upande mmoja. Mimi kinyozi, ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, nikadhani anatania. Jirani alimletea Mama shati lililofumuka mikono, amshonee. Mama kalirudisha limepigwa pasi vizuri, mkono wa kulia umeshonwa kama mashine ya kiwandani, wa kushoto hauna hata uzi. Jirani akaona haya kusema, akalivaa akaenda nalo.

Na mchezo ndio unaoniua. Anajenga kulia tu. Upande wa kushoto wa lango hakuna kigae hata kimoja, halafu anaegemea kiti na kuuliza, "Umeona mji huo ulivyojaa?" Mimi nachora, namtumia Dada.

Kaniapisha nisimwambie. Anasema Chiriku akijua ataacha kila kitu aje, na kazi ataikosa. Kwanza anasema yeye haumwi. Nifanyeje?

Mwanao
Kinyozi

*

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nimeketi, kisha nimeisoma nimesimama, haikubadilika. Magoti yangu hayaniruhusu safari, la sivyo ningekuwa hapo kabla ya barua hii.

Nimewauguza wengi wa hivyo. Wengine walirudi taratibu, wengine hawakurudi. Asikudanganye mtu kwamba anajua Mama yako yuko kundi gani. Ukikaa naye, kaa kushoto kwake umwite mpaka ageuke. Bandika utepe mwekundu ukingoni mwa meza, upande huohuo, na kila akianza kitu mwambie autafute utepe kwanza. Usimgombeze. Kwake yeye, wewe ndiye unayesema mambo ya ajabu.

Kuhusu dada yako, kiapo ulichompa mgonjwa ni kizito, na dada naye ana haki ya mama yake. Sijui, mwanangu. Ningekuwa na jibu ningekupa. Ninachokuomba ni kwamba umwambie mwenyewe kwa kalamu yako, asije akalijua kwa njia nyingine.

Mama yako mdogo

*

9 Machi

Mdogo wangu,

Nimecheka peke yangu mpaka wenzangu karakanani wamenigeukia. Mama yetu ni jambazi!

Michoro yako nimeibandika yote ukutani juu ya meza yangu. Uliitazama vizuri wakati unaichora? Miji yako inasambaa huku na huku kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Ya Mama yote imelalia kulia. Yote, bila kukosa! Nikajiuliza kwa nini mchezaji mkali kiasi hicho anaitupa nusu ya nafasi yake. Nikakaa nikacheza peke yangu jioni nzima, nikapata jibu. Ukijenga upande mmoja, mji unashikana, barabara zinazoning'inia zinakuwa chache. Kaona tundu kwenye sheria zangu, akapenya humo kimyakimya bila hata kukwambia.

Basi nimeliziba. Sheria mpya inaitwa Mlinzi wa Lango. Mwisho wa mchezo unahesabu vigae vya kila upande wa lango. Upande mmoja ukiwa mtupu, au umezidiwa sana na mwenzake, mlinzi anachukua nusu ya pointi zako zote. Nimekutumia na kigae chake, kina sura ya mzee aliyekunja uso. Nimekichora mwenyewe.

Mwambie Mama amenisaidia kuliko karakana nzima. Na mwambie nimemkamata!

Dada yako

*

27 Machi

Shikamoo Dada,

Nakuomba uifute sheria ya Mlinzi.

Najua utasema sielewi michezo. Nisikilize hata hivyo. Kabla yake mtu alikuwa anajenga kwa raha yake, akikosea anakosea kidogo. Sasa mtu anaweza kujenga vizuri mchezo mzima, halafu mwishoni kinakuja kizee cha kadibodi kinamnyang'anya nusu, na yeye haelewi kwa nini. Hiyo si haki. Mchezo unatakiwa kumwonyesha mtu kosa lake mapema, akiwa bado na vigae vya kurekebisha. Huu unamwacha tu, kisha unamwadhibu.

Mama kashindwa kila mara tangu kizee hicho kije. Mara ya kwanza alidhani nimekosea kuhesabu. Nikahesabu tena kwa sauti. Akaniambia namwibia. Juzi nilimwonyesha kwa kidole upande mtupu. Akaangalia kidole changu, akaangalia uso wangu, akasema, "Unanionyesha nini? Hapo si ndipo meza inapoishia?" Kisha akalia, Dada. Unamjua Mama, hajawahi kulia kwa ajili ya mchezo.

Hayo nimekuandikia kama yalivyotokea. Ifute tu. Wape watu kitu kingine cha kuwasumbua.

Mdogo wako
Kinyozi

*

8 Aprili

Kinyozi wangu mwenye huruma,

Hiyo ya "meza inapoishia" nimemsimulia kila mtu hapa. Mama akishindwa yuko tayari kuikana hata meza! Unakumbuka alivyomwambia fundi bomba kwamba drafti ina mraba mmoja wa ziada?

Mdogo wangu, kulia kwake ndiyo sifa yenyewe. Mchezo usiomuumiza bingwa hauna meno. Ulikuwa mtamu bila chumvi, kila mtu kwake na mji wake, wewe mwenyewe ulisema. Sasa unakaa roho juu mpaka mwisho. Jana bosi kaucheza mara ya kwanza. Mlinzi alipomchukulia nusu ya pointi alisimama, akazunguka chumba, akarudi, akasema tuanze tena. Bosi wetu hajawahi kusema tuanze tena kwa mchezo wa mtu yeyote.

Lile la kuonyesha kosa mapema ni la maana, nitalifikiria kwa toleo lijalo. Kwa sasa mwambie Mama ajenge kushoto pia, yaishe. Ni kitu gani cha kumshinda hapo?

Nimebakiza wiki chache tu. Niombeeni.

Dada yako

*

16 Aprili

Dada,

Mama hawezi kujenga kushoto. Alipata kiharusi mwezi wa Februari, kabla ya sanduku lako. Upande wa kushoto kwake haupo. Sahani, nywele, nguo, meza, vyote vina nusu moja. Hakuona tundu lolote kwenye sheria zako. Alikuwa anajenga mahali panapoonekana.

Alinikataza kukwambia mpaka mchezo wako upite. Nikamtii. Nilifikiri nikiitukana sheria vya kutosha utaifuta bila kuuliza, na mimi nitabaki nimetimiza ahadi. Ulipoandika "ni kitu gani cha kumshinda hapo" nilishindwa kunyoa mteja aliyekuwa kitini. Nilimwambia arudi kesho.

Mama Mdogo alinishauri nibandike utepe mwekundu ukingoni mwa meza. Siku nyingine anaupata, anacheka, anaweka kigae kimoja huko. Kesho yake tunaanza upya. Sijui kama anaelekea kupona au kama ni mimi tu ninayetaka kuona hivyo.

Nilaumu unavyotaka. Ila njoo.

Kinyozi

*

24 Aprili

Mdogo wangu,

Nilianza kukuandikia matusi, nikachana. Nikaanza tena, nikachana. Una bahati karatasi ni ghali hapa.

Michoro yote ilikuwa ukutani kwangu. Miezi yote hii nimekula chakula cha mchana nikiitazama. Mama yangu alikuwa ananiandikia kwa vigae kwamba nusu ya dunia imempotea, na mimi nikakaa nikatunga adhabu yake. Nikaichorea na sura.

Mchezo umechaguliwa. Walinipigia makofi jana, nikawapa mikono kama mtu anayepokea rambirambi. Nikamfuata bosi ofisini kwake, nikamwomba amwondoe Mlinzi. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, hata maji alinipa. Kisha akasema pole sana, lakini Mlinzi ndiye aliyefanya mchezo uchaguliwe, bila yeye ni mji wa kadibodi kama miji mingine, na karatasi zimeshakwenda kwa mchapaji. Sina mamlaka nao tena. Jina langu litakuwa juu ya boksi na sina mamlaka nao.

Likizo niliyoahidiwa inaanza baada ya uchapaji. Nimelia nimepata siku chache za Mei. Nakuja.

Usimwambie Mama kwamba najua. Au mwambie. Fanya unavyoona, mimi akili yangu imesimama.

Dada yako

*

20 Mei, ndani ya treni

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwenye goti, mwandiko usamehe.

Asante kwa jinsi unavyomtunza. Nilikuwa nakuona unavyomzungushia sahani bila kusema neno, unavyomchana upande ule mwingine huku unamsimulia habari za wateja. Mimi nilipojaribu nilimvuta nywele. Na asante kwa kunikalisha kulia kwake tangu nilipoingia. Siku zile alizonishika mkono akiniambia nimekonda zimenitosha mwaka mzima.

Lakini leo kaniumiza. Nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Jana aliniambia, "Chiriku, usiondoke. Wakufukuze kazi, tutakula hapa hapa." Nikamwambia lazima niende, mkataba mpya nimeshausaini. Akaenda kulala mapema.

Asubuhi, ulipokuwa nje unapakia mzigo kwenye teksi na dereva anapiga honi, Mama alikuwa ameshaketi mezani na vigae vyake. Nilijua nikifungua mdomo nitalia, naye atalia, na treni itaniacha. Nikapita na begi mpaka mlangoni, nikasimama pale karibu naye kabisa, nikainua mkono. Nilisubiri. Hakunitazama. Alichukua kigae, akakigeuza, akakiweka, kama vile pale mlangoni hakuna mtu.

Ana haki ya kukasirika. Lakini mama kumnyima mtoto wake hata jicho la kwaheri, sikutegemea. Niombee msamaha. Mwambie nitarudi likizo kubwa, na kwamba sikuweza kuongea, si kwamba sikutaka.

Dada yako

*

28 Mei

Shikamoo Dada,

Barua yako ya treni nimeipata. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta namna ya kukujibu, na namna ni moja tu, nikwambie.

Mama hajakukasirikia. Mlango uko kushoto kwake, Dada. Hakukuona ukipita, wala hakukuona umesimama.

Anaamini umeghairi safari. Nilipoingia ndani baada ya teksi kuondoka, nilimkuta anatabasamu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Chiriku kanisikia. Kabaki." Nikadhani anatania. Mchana akatoa sahani tatu. Akikuita usipoitika, anasema umelala, au umetoka kidogo, au umenuna chumbani kwa sababu ya kazi, tukuache utulie. Ananikataza nisipige kelele na mashine ya kunyolea. Kwa muda mrefu sijamwona na furaha namna hii, na kila siku ninayomwacha nayo najiona mwongo.

Juzi nilimwambia. Niliketi kulia kwake, nikamshika mkono, nikasema, "Mama, Dada ameondoka, yuko kazini kwake, ameandika." Nikamwonyesha na barua. Hakutaka kuisoma. Alinicheka.

"Aondoke bila mimi kumwona?" alisema. "Nilikuwa nimekaa hapa hapa asubuhi nzima. Angepita wapi?"

Tulipomaliza kula niliosha sahani yangu na yake, na ile yako ambayo haikuliwa, nikazirudisha zote kabatini.

Mdogo wako
Kinyozi